Maji yenye saa na maji yasiyo na saa

Neno "pwani" lina kitenzi ndani yake. Wajuzi wa lugha wanatueleza kuwa asili yake ni kupwa, yaani maji ya bahari kurudi nyuma na kuuacha mchanga mtupu. Basi pwani ni mahali ambapo maji hupwa. Mwananchi wa Muganza, katika wilaya ya Rusizi, hana mahali pa namna hiyo. Analo bonde la Bugarama lenye mpunga, anao mto Rubyiro unaoyanywesha mashamba yake, anacho kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1984, na upande wa magharibi unapita mto Rusizi utokao Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Maji yote anayoyafahamu huelekea upande mmoja tu. Hayajapata hata siku moja kugeuka saa sita mchana yakarudi yalikotoka.

Hata hivyo habari za kupwa na kujaa si ngeni tena katika nyumba za askari wa nchi hii. Mnamo Julai 2021 Rwanda ilipeleka jeshi na polisi katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wakianza na watu wapatao 1,000. Mwezi wa Agosti mwaka huo mji wa bandari wa Mocímboa da Praia ulikombolewa. Kwa hiyo vijana waliokulia milimani, ambao maji makubwa kwao yalikuwa Kivu, walijikuta wakilinda mwambao wa bahari ya Hindi, miongoni mwa watu wasemao Kimwani, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili, na ambao siku yao haigawanywi na jua peke yake. Mvuvi wa huko akiulizwa ataondoka lini, hatazami saa ya mkononi kwanza. Hutazama maji.

Yafaa basi ndugu zetu walioko pwani, na jamaa wanaowangojea nyumbani, waelewe jambo hili lilivyo. Na iko sababu nyingine, ambayo nitaifikia: watu wengi hutumia maneno "kupwa na kujaa" wanaposema juu ya maisha, na wengi huyatumia vibaya.

MWEZI NDIO MWENYE FUNGUO

Mwezi huyavuta maji ya bahari, na jua nalo huyavuta, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi kwa kuwa liko mbali mno. Dunia inapozunguka, kila sehemu ya pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika kama 50 hivi. Kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kunakofuata ni saa 12 na dakika 25. Zile dakika 50 za ziada ndizo zinazomchanganya mgeni. Leo ameona mchanga umekauka saa nne asubuhi; kesho akirudi saa ile ile hukuta maji bado yanakwenda; baada ya juma moja, saa nne ile ile, bahari imejaa na mawimbi yanapiga ukuta. Mgeni husema bahari haina utaratibu. Mwenyeji hucheka, maana hakuna kitu chenye utaratibu kuliko hicho.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja. Hapo ndipo linapokuja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kilele chake huwa siku moja au mbili baada ya mwandamo au baada ya mwezi mpevu. Mwezi unapokuwa nusu, jua huvuta huku na mwezi huvuta kule, nguvu zao zinapunguzana, na watu wa pwani husema maji ni mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana. Katika mwambao wa Afrika Mashariki tofauti kati ya maji makuu na maji madogo siku za bamvua kubwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu yaweza kuwa mita moja tu.

Hapa iko siri ndogo ambayo askari mgeni aweza kuikariri katika dakika moja. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kabisa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji makuu huwa asubuhi hiyo ya saa nne na tano, na madogo huwa alasiri. Anayejua tarehe ya mwezi wa angani, na akaongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita, aweza kukisia saa ya maji bila kitabu. Wavuvi wasiojua kusoma wamefanya hesabu hiyo kwa karne nyingi, na Waislamu wa pwani wana wepesi zaidi kwa kuwa kalenda yao inafuata mwezi huo huo. Kukisia, lakini, si kupima. Bandari hutoa majedwali ya kujaa na kupwa, na mwenye kazi ya hatari asitegemee kichwa chake.

JINSI MTU ANAVYONASWA

Watu wa bara hudhani kwamba maji yanayojaa humjia mtu uso kwa uso, kama mvua inayokuja kutoka kilima cha pili. Sivyo. Pwani nyingi zetu zina uwanda mpana wa mchanga na matumbawe, na nje yake mwamba. Uwanda huo hauko sawasawa. Una vijito na mabonde madogo. Maji yanaporudi huingia kwanza katika mabonde hayo kupitia milango iliyomo katika mwamba, na mabonde mengine yapo nyuma ya mgongo wa mtu aliyekwenda mbele kutazama samaki. Yeye amesimama mahali pakavu, anafurahi, na njia yake ya kurudi imekwisha katika.

Jambo la pili ni mwendo. Maji hayapandi kwa kipimo kimoja kila saa. Mabaharia wana kanuni ya zamani ya kugawa ujazo wote katika mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Chukua bamvua la mita 4. Saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 33, yaani hayafiki gotini, na mgeni huona hapana haraka. Saa ya pili huongezeka sentimita 67. Saa ya tatu peke yake huongeza mita nzima, na ya nne mita nyingine. Aliyesubiri hadi maji yafike magotini ndipo aanze safari ya nusu saa kurudi ufukoni, na hasa aliyevaa buti na kubeba vitu, amejitia katika saa mbaya kuliko zote.

Wenyeji hutoka wakiyafuata maji yanayokwenda. Maji yakisimama, nao hugeuka. Hawangojei kuona yanarudi. Ikiwa mtu atakumbuka jambo moja tu katika makala hii kabla ya kwenda kutembea ufukoni na watoto wakati wa likizo, na liwe hilo.

WANAOISHI KWA SAA HIYO

Isidhaniwe kwamba kupwa ni hatari tu. Kwa maskini wa pwani kupwa ni shamba linalofunguliwa. Huko Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Hupigilia vijiti katika mchanga, hufunga kamba kati yake, na katika kamba hutundika vipande vya mwani. Kazi hiyo haiwezekani maji yakiwa kifuani. Hufanywa siku za bamvua, wakati uwanda umebaki wazi kwa saa chache asubuhi. Basi mama wa Jambiani hupanga nyumba yake yote kwa mwezi: siku za bamvua chakula hupikwa mapema, mtoto huachiwa bibi, na mazungumzo ya barazani hungoja, siku za maji mafu ndizo za kufua, kukausha mwani, kwenda sokoni na kuhudhuria harusi. Hali kadhalika watafutao pweza katika mwamba, wanawake kwa wanaume, mapato yao huja katika vifungu viwili kwa kila mwezi wa angani. Hakuna ajuaye zaidi kuliko wao maana ya kuwa na siku nane za kupata na siku saba za kula ulichopata.

Vyombo navyo hutumia saa hiyo. Jahazi linalohitaji kukwanguliwa na kupakwa mafuta husogezwa ufukoni wakati wa bamvua kubwa, likaegemezwa miti, maji yakaondoka, na mafundi wakafanya kazi chini yake kana kwamba ni nyumba. Mwenye chombo asipoangalia tarehe akakipandisha juu mno katika kilele cha bamvua, atangoja siku 14 au zaidi kukitoa.

Vasco da Gama alifundishwa somo hilo mapema. Mnamo Aprili 1498, chombo chake kimoja kiitwacho São Rafael kilipanda fungu la miamba kabla ya alfajiri, mbele ya Mtang'ata, kusini ya Tanga. Maji yalipokupwa kikabaki pakavu. Mabaharia hawakuwa na la kufanya ila kungoja. Maji yalipojaa yakakiinua, wakaendelea na safari. (Chombo hicho hicho walikichoma moto mahali pale pale mwaka uliofuata, walipokuwa wakirudi, kwa kuwa waliosalia hai hawakutosha kukiendesha.)

Askari watapenda zaidi mfano wa Tarawa. Tarehe 20 Novemba 1943 Wamarekani walishambulia kisiwa cha Betio, katika visiwa ambavyo leo ni nchi ya Kiribati, kilichokuwa mikononi mwa Wajapani. Kisiwa kimezungukwa na mwamba wa matumbawe. Mashua za kuteremshia askari zilihitaji maji ya kina cha zaidi ya mita moja ili zivuke mwamba huo. Siku ile maji yalikuwa mafu. Tena mwezi, mbali ya kuwa nusu, ulikuwa katika sehemu ya njia yake iliyo mbali kabisa na dunia, jambo ambalo hulegeza mvuto wake zaidi. Bahari ilikaa chini, ikakataa kujaa kama ilivyotazamiwa. Mashua zikakwama, na askari wakalazimika kutembea majini mamia ya mita wakipigwa risasi. Kisiwa kilitekwa kwa siku tatu, lakini Wamarekani wapatao 1,000 walikufa. Mwezi haukufanya hila yoyote. Ulikuwa mahali ulipopaswa kuwa.

ZIWA HALINA AHADI

Msomaji wa Rusizi sasa atauliza: mbona Kivu halipwi? Lina maji mengi, na mwezi uko juu yake pia. Jibu ni kwamba ziwa ni dogo mno kwa mvuto huo kuonekana. Hata Ziwa Superior la Amerika ya Kaskazini, ambalo ni kubwa kuliko Ziwa Victoria, hupandishwa na mwezi kwa chini ya sentimita 5, na upepo mdogo tu hufunika tofauti hiyo. Katika Kivu mwezi hufanya kazi kwa mwanga wake, wala si kwa mvuto. Wavuvi wa sambaza huwavuta samaki kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, sambaza hutawanyika na nyavu hutoka nyepesi. Mama anayenunua sambaza sokoni Rusizi huona bei inavyobadilika, ijapokuwa pengine hajapata kuinua macho kutazama angani akatafuta sababu.

Ziwa, hata hivyo, hupanda na kushuka kwa namna yake, na hapo ndipo penye jambo zito. Tazama Tanganyika, ambalo hupokea maji ya Rusizi na kuyatoa kupitia mto Lukuga, pale Kalemie, hadi mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Katika karne ya 19 ziwa hilo lilipanda hata likafurika kwa Lukuga mnamo mwaka 1878, kisha likashuka mita nyingi katika miaka iliyofuata. Likapanda tena baada ya mvua kubwa za 1961, likafika kilele mwaka 1964. Likashuka polepole. Watu wakasahau, wakajenga karibu. Kisha mnamo miaka ya 2018 na kuendelea likaanza kupanda upya. Mwezi Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake huko Gatumba, Burundi, na maelfu ya watu wakakosa makao. Mwaka 2021 maji yaliingia katika mitaa ya Bujumbura iliyo kando ya ziwa, na mwaka 2024 ziwa lilikaribia tena kipimo cha 1964. Uvira na Kalemie nazo zikapata madhara.

Sasa linganisha. Bahari ikiingia uani kwako leo alasiri, usiku itatoka. Ziwa likiingia uani, laweza kukaa miaka. Aliyezoea bahari akahamia ukingoni mwa ziwa aweza kuketi juu ya kitanda chake akingoja maji yapwe, na maji hayana habari naye. Lile la kwanza ni maji yenye saa. Hili la pili halina saa, lina mvua, lina mito, lina joto la jua linalokausha, na hakuna jedwali linaloweza kutangaza siku yake ya kurudi.

Ndiyo maana nilisema awali kwamba tunayatumia vibaya maneno ya kupwa na kujaa. Mtu akipata shida, jirani humfariji: "Maji yakijaa hupwa, vumilia." Ni faraja njema ikiwa shida yenyewe ni ya aina ya bahari. Lakini mume aliyeanza kunywa mshahara wake, au deni linalozaa riba, au mtoto aliyeacha shule na kushinda barabarani mpakani, hizo si bamvua. Ni ziwa linalopanda. Kumwambia mke avumilie hadi yapwe ni kumwambia akae kitandani.

Na upande wa pili tuna makosa yaliyo kinyume. Yako mambo katika nyumba ya askari ambayo ni bahari tupu, yana saa yake inayojulikana, nasi tunayapokea kama msiba usiotarajiwa. Mshahara huingia mwisho wa mwezi, ni bamvua. Katikati ya mwezi ni maji mafu. Ada za shule zina tarehe. Mpunga wa Bugarama huvunwa kwa misimu, na kati ya misimu ghala hupungua kila mwaka, si mwaka huu tu. Lililo kubwa kuliko yote ni posho ya askari aliyepelekwa nje ya nchi. Hilo ndilo bamvua kuu la nyumba nyingi, na tarehe yake ya kupwa inafahamika tangu siku ya kuondoka, kwa kuwa kila zamu ina mwisho.

Nini hutokea? Fedha zinapoanza kuingia, nyumba husogezwa juu na maji. Hukodiwa nyumba kubwa zaidi, watoto huhamishiwa shule ya gharama, ndugu wawili huja kukaa, na mkopo huchukuliwa kwa kipimo cha posho badala ya kipimo cha mshahara. Kisha zamu inakwisha, askari anarudi, watu wanafurahi, na mwezi wa tatu chombo kiko juu ya mchanga. Sisemi kwamba watu wasifurahie mapato yao. Nasema kuwa gharama zinazorudi kila mwezi, kama kodi, ada na mkopo, zipimwe kwa maji mafu, yaani kwa kile kitakachoingia hata mwezi ukiwa nusu. Bamvua litumike kwa vitu ambavyo vikishakamilika havidai tena: bati la nyumba, kiwanja kilicholipiwa chote, ng'ombe, cherehani, deni la zamani kufutwa. Linalobaki liwekwe. Askari wa Rwanda wana Zigama, chombo cha akiba na mikopo kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili yao, na jina lenyewe kwa Kinyarwanda lina maana ya kuweka akiba, ijapokuwa wengi huifahamu zaidi kwa upande wa kukopa.

Jambo hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Askari aliyeko Palma anajua tarehe ya zamu yake. Mke aliyeko Muganza anajua bei ya mchele na hali ya bati. Kila mmoja ana nusu ya jedwali. Simu za siku hizi hazina gharama kubwa, lakini mazungumzo mengi huishia katika salamu, afya ya watoto, na maombi ya fedha. Dakika kumi katika simu ya mwisho wa mwezi zingetosha kutaja mambo matatu: kiasi gani kimeingia, zamu imebakiza miezi mingapi, na siku ile posho ikikatika nyumba itahitaji kiasi gani ili isimame. Mume asilione swali hilo kuwa ni kumpeleleza, wala mke asilione kuwa ni kumnyima. Na ikiwa hesabu ya tatu inazidi mshahara, yafaa kodi hiyo au mkopo huo upunguzwe sasa, wakati chombo bado kinaelea na chaweza kusukumwa kwa mkono mmoja.